Mzee Seattle na Mji Uliochukua Jina Lake

Mwaka 1981 mji wetu wa Mombasa ulifungiwa udugu na mji wa Seattle, ulio katika jimbo la Washington, pwani ya magharibi ya Marekani. Udugu wa namna hii aghalabu ni wa barua za mameya na karamu za wageni, na mtu wa Kibokoni au wa Majengo aweza kuishi umri wake wote asijue kuwa ana ndugu huko. Walakini apataye ndugu hupenda kujua nasaba yake, na nasaba ya mji huo ni ya kustaajabisha. Jina lake si la mfalme wa Ulaya wala la mji wa kale wa Waingereza, kama yalivyo majina mengi ya Marekani. Ni jina la mzee mwenyeji aliyekuwa hai siku mji ulipozaliwa, akawapokea wageni walioujenga, kisha akaishi hata akaona watu wake wakikatazwa kukaa ndani yake.

Hao wenyeji ndio ambao shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Jina hilo ni kosa la Columbus na mabaharia wake, waliodhani wamefika Bara Hindi, na kosa lao limeishi miaka mia tano. Kwetu sisi, ambao Wahindi ni jirani zetu wa ukuta kwa ukuta, kosa laonekana wazi zaidi. Basi humu tutawaita kwa majina yao wenyewe.

Seattle alizaliwa karibu na mwaka 1786 katika mwambao wa Puget Sound, mkono mrefu wa bahari uingiao bara, wenye visiwa na ghuba na mito mingi. Baba yake alikuwa mkubwa wa watu wa Suquamish, wakaao upande wa magharibi wa maji. Mama yake alikuwa wa watu wa Duwamish, wa upande wa mashariki, penye mto uliochukua jina lao. Kwa hiyo tangu kuzaliwa alikuwa mtu wa ng'ambo zote mbili. Watu hawa hawakuwa wafukuza nyati juu ya farasi kama tuwaonavyo katika sinema. Walikuwa watu wa pwani kama sisi. Walivua samaki aitwaye samoni, walikusanya chaza maji yalipokupwa, walichonga mitumbwi ya mwerezi, na kwa mbao za mti huo huo wakajenga nyumba ndefu zilizokaliwa na jamaa nyingi chini ya paa moja. Nyumba kubwa ya Suquamish, alimokaa Seattle, ilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 500. Kuoana baina ya watu wa mto huu na wa ghuba ile lilikuwa jambo la kawaida, na cheo cha mtu kilipimwa kwa wingi wa atoavyo, si kwa wingi wa awekavyo.

Husimuliwa kuwa alipokuwa mtoto aliziona merikebu za nahodha Mwingereza George Vancouver, zilizotia nanga katika maji hayo mwaka 1792. Maradhi ya kigeni, khasa ndui, yalikwisha kufika huko, na yaliwaua wenyeji wengi kabla mzungu hata mmoja hajajenga kibanda pale. Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila asemaye kuwa wageni walikuta nchi tupu. Palikuwa na nafasi kwa sababu palikuwa na makaburi.

Katika ujana wake Seattle alikuwa mtu wa vita. Habari mashuhuri ni ile ya maadui wa upande wa milimani waliokusudia kuteremka mtoni usiku kwa mitumbwi. Yeye na watu wake wakaangusha miti kuvuka mto, mahali penye mkondo mkali. Mitumbwi ikajipiga hapo na waliokuwamo wakamalizwa na wale waliowavizia. Alikuwa na watumwa pia, kama walivyokuwa nao wakubwa wengine wa mwambao ule, na sisi wa pwani hii hatuna uso wa kumhukumu kwa hilo. Kampuni ya Hudson's Bay ilipojenga ngome yake Nisqually mwaka 1833, wafanya biashara wake walimchukua kuwa mtu wa kuogopwa, wakamwita kwa Kifaransa Le Gros, maana yake yule mkubwa wa mwili. Baadaye, baada ya kufiwa na mwanawe vitani kama isimuliwavyo, akaingia dini ya Kikatoliki na akabatizwa kwa jina la Nuhu. Kuanzia hapo hatumsikii tena katika mashambulio. Jina lake linatajwa katika biashara na katika kuamua ugomvi.

Sasa twafika kwenye habari ya mji.

Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya nchi hizo za magharibi bure kwa walowezi. Mwanamume mzungu aliyefika baada ya mwaka huo alipewa eka 160, na mwenye mke eka 320 wakigawana, kwa sharti la kuikaa na kuilima miaka minne. Tazameni mpango wa jambo hili: ardhi ilitolewa kwanza, na mapatano na wenye ardhi yakaachwa yaje baadaye. Msomaji wa pwani, aliyekwisha kupanda ngazi za ofisi ya hati za ardhi, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tarehe 13 Novemba 1851 jahazi liitwalo Exact likashusha jamaa chache za wahamiaji, wanaume na wanawake na watoto wao, katika rasi iitwayo Alki. Mvua ilikuwa ikinyesha na nyumba pekee waliyokuwa nayo haikuwa na paa. Wanawake, yasemekana, waliketi wakalia. Wenyeji walikuja, na Seattle akiwa miongoni mwao, mzee wa miaka sitini na kitu. Kama wangetaka kuwatupa baharini wageni wale wachache, ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Badala yake wakapiga kambi karibu nao, wakawauzia samaki na viazi, wakawaonyesha chaza walipo. Katika wageni hao alikuwamo mtoto mchanga wa miezi miwili, Rolland Denny, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa na hana maziwa. Mtoto huyo alinyweshwa supu ya chaza kwa shauri la mwanamke mwenyeji, akapona, akaishi hata mwaka 1939. Katika habari zote za kuanzishwa kwa mji ule, mimi naona hii ndiyo yenye uzito kuliko nyingine.

Mwaka uliofuata wahamiaji wakavuka ghuba wakahamia upande wa mashariki, mahali palipokuwa na kijiji cha wenyeji cha wakati wa baridi. Seattle mwenyewe alikwenda kumshawishi tabibu na mfanya biashara mmoja, David Maynard, aliyekuwa na duka mji wa Olympia, aje kukaa hapo. Alitaka biashara iwe karibu na watu wake. Wakafanya shirika la kutia samaki chumvi katika mapipa ili wauzwe San Francisco. Wengi waliharibika njiani, lakini urafiki haukuharibika, na Maynard ndiye aliyeshauri mji upewe jina la rafiki yake. Ramani yake ikaandikishwa mwezi Mei 1853. Wako wasimuliao kuwa mzee alidai malipo kwa jina hilo, kwa kuwa katika itikadi ya watu wake kulitaja jina la maiti ni kumsumbua huko aliko. Habari hii imetoka kwa wageni tu, nami siitegemei.

Mwaka huo huo Henry Yesler akaanzisha kiwanda cha mvuke cha kupasua mbao, cha kwanza katika Puget Sound. Waliokata magogo, walioyavuta, na waliopakia mbao merikebuni, wengi wao walikuwa Waduwamish na Wasuquamish. Yesler alizaa binti na mwanamke mwenyeji, mtoto wa mzee aliyeitwa Curley, na hakuwa peke yake katika jambo hilo. Mwenye kusema kuwa wazungu waliujenga mji kisha wenyeji wakaja kuombaomba pembeni, amegeuza habari juu chini.

Tarehe 22 Januari 1855, mahali paitwapo Mukilteo, gavana Isaac Stevens aliwakusanya wakubwa wa makabila ili watie alama katika mapatano ya kuachia ardhi. Mapatano hayo yalielezwa kwa lugha ya biashara iitwayo Chinook, yenye maneno mia chache tu ya kununulia ngozi na kuuzia samaki. Ni mithili ya kusoma hati ya wakfu kwa maneno ya kupatana bei ya nazi. Kwa lugha hiyo watu waliambiwa kuwa wanatoa nchi yao kwa milele. Watalipwa dola 150,000 kwa muda wa miaka ishirini, watawaacha huru watumwa wao, watahamia katika maeneo watakayotengewa, nao watabaki na haki ya kuvua samaki mahali walipozoea kuvua, pamoja na raia wengine. Seattle alikuwa wa kwanza miongoni mwa wenyeji kutia alama. Watu wa baba yake wakatengewa Port Madison, ng'ambo ya magharibi. Watu wa mama yake hawakutengewa kitu katika nchi yao. Waliambiwa wavuke maji wakakae huko.

Je, alikosea? Wako wamlaumuo hata leo. Kwa upande wangu naona alikwisha kuhesabu mitumbwi yake na merikebu zao. Makabila mengine yaliyoona yamedanganywa yaliinuka kwa silaha, na tarehe 26 Januari 1856 mji mchanga ule ulishambuliwa siku nzima, huku merikebu ya vita Decatur ikipiga mizinga msituni. Seattle aliwazuia watu wake wasiingie vitani. Leschi, mkubwa wa Nisqually aliyepigana, alinyongwa mwaka 1858, na hukumu hiyo ikakiriwa kuwa si ya haki katika baraza maalumu la mwaka 2004. Huyu alipigana akanyongwa. Yule alisubiri, na alichosubiri hakikuja. Mapatano hayakuthibitishwa na Baraza la Seneti hata mwaka 1859, na miaka yote hiyo malipo hayakutoka ilhali ardhi ilikwisha kutwaliwa. Mzee alilalamika mbele ya wakubwa wa serikali kuwa watu wake wanazidi kuwa mafukara katika kungoja.

Kisha likaja lile la mwaka 1865. Mji ulipopata baraza lake la kwanza, miongoni mwa sheria zake za mwanzo, ya tano kwa hesabu, ilikuwa ya kuwakataza wenyeji kukaa mjini, isipokuwa aliyeajiriwa na ambaye mwajiri wake amempa mahali pa kulala. Yaani mkono watakiwa, mwenye mkono hatakiwi. Walioipitisha ni watu wa mji uliokuwa na jina la mzee huyo katika kila karatasi yao. Sheria yenyewe ilikufa miaka miwili baadaye pamoja na baraza lile, lakini nyumba za wenyeji ziliendelea kubomolewa na kuchomwa kila mji ulipotanuka.

Seattle alifariki tarehe 7 Juni 1866 huko Suquamish, akazikwa kwa taratibu za Kikatoliki pamoja na za kwao. Miaka michache baadaye ile nyumba kubwa ya watu wake ikateketezwa kwa amri ya serikali.

Binti yake mkubwa, Kikisoblu, hakukubali kuondoka mjini. Alikaa katika kibanda karibu na bandari, akifua nguo za wazungu na kuuza vikapu alivyosuka. Mke wa Maynard alimpa jina la Princess Angeline, na kwa jina hilo watu walizinunua picha zake. Mfano wa binti huyu wastahili kuangaliwa. Sheria ilisema asikae, naye akakaa miaka thelathini baada ya baba yake kufa. Alipofariki tarehe 31 Mei 1896 mji mzima ulimfanyia mazishi ya heshima, katika jeneza lililochongwa mfano wa mtumbwi. Waliomnyima nafasi akiwa hai walijazana kumsindikiza.

Wakati huo wageni wengine walikwisha kuingia mjini, nao hawakuwa wazungu. Wachina walifika tangu miaka ya 1860, wakafanya kazi za reli, mashamba na udobi. Katika mashamba ya mmea utumiwao kutengenezea pombe walikutana na wenyeji waliotoka mbali, hata Kanada, kwa ajili ya mavuno. Ingependeza kusema kuwa walioonewa walihurumiana. Lakini mwezi Septemba 1885, katika bonde la Squak, wazungu pamoja na baadhi ya wenyeji waliwashambulia vibarua Wachina usiku, na watatu wakafa. Ugomvi ulikuwa wa ujira, kwa kuwa Mchina aliletwa afanye kazi kwa bei ndogo. Tarehe 7 Februari 1886 kundi la watu liliwatoa Wachina wa Seattle majumbani mwao, wapatao 350, likawasukuma hata gatini wapandishwe meli. Miaka ishirini na mmoja ilikuwa imepita tangu sheria ile ya kuwatoa wenyeji.

Ilipita karibu karne moja kabla ya kuonekana mfano mwingine. Mwaka 1970 Bernie Whitebear aliwaongoza wenyeji kuidai sehemu ya ngome ya Fort Lawton iliyokuwa ikiachwa na jeshi, na mwaka 1977 wakafungua hapo nyumba yao ya mikutano iitwayo Daybreak Star. Katika miaka hiyo Whitebear alishirikiana na Bob Santos wa asili ya Ufilipino, Roberto Maestas wa asili ya Meksiko na Larry Gossett, Mmarekani mweusi, kila mmoja akifika kusimama katika shauri la mwenzake. Miaka ya baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, wengi wao wakimbizi, na misikiti ikasimama katika vitongoji vya kusini, si mbali na mto wa Duwamish.

Sasa neno moja juu ya hotuba. Atajwapo Seattle, watu hukimbilia maneno mazuri yasemwayo kuwa ni yake, juu ya ardhi na wanyama na hewa. Nimeyaacha yote kwa makusudi. Sisi tuliozoea kuuliza sanadi ya kila habari, nani kasikia kwa nani, tuitazame sanadi hii. Mzee alisema kwa lugha yake. Ikafasiriwa kwa lugha ya biashara, kisha kwa Kiingereza. Aliyeiandika ni tabibu Henry Smith, na aliitangaza gazetini tarehe 29 Oktoba 1887, miaka zaidi ya thelathini baadaye, msemaji amekwisha kufa. Hiyo ndiyo riwaya ya kwanza, nayo ni dhaifu. Ile iliyoenea zaidi duniani haina sanadi kabisa: iliandikwa na Ted Perry kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 1972. Humo mzee anazungumza juu ya nyati waliopigwa risasi kutoka katika gari la moshi, naye nyati hakuwako kwao, na reli ya kuvuka Marekani ilimalizika mwaka 1869, yeye yumo kaburini.

Hata picha yake haikusalimika. Alipigwa picha moja tu, karibu na mwaka 1864, na ndani yake macho yake yaonekana yamefumbwa. Waliozitoa nakala baadaye walimchorea macho yaliyo wazi.

Lililothibiti kwake ni ile alama yake katika karatasi ya mwaka 1855, kwani nakala ya mapatano ipo. Kwa karatasi hiyo wavuvi wa makabila walikwenda mahakamani, baada ya miaka mingi ya kukamatwa na kunyang'anywa nyavu, na tarehe 12 Februari 1974 jaji George Boldt akaamua kuwa maneno ya mapatano yawapa haki ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Miaka 119 ilipita toka siku ile ya Mukilteo. Watu wa mama yake bado hawakupata hata hilo. Mwaka 1916 ziwa Washington lilishushwa kwa ajili ya mfereji wa meli, na mto Black, uliokuwa makao ya Waduwamish, ukakauka. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ikakataa kulitambua kabila lao. Wao walikwisha kujenga nyumba ndefu kando ya mto wao mwaka 2009, kwa mbao za mwerezi, ndani ya mji.

Kaburi la mzee lipo Suquamish, juu ya kilima kidogo, na mtu akisimama hapo huyaona majumba marefu ya mji ng'ambo ya maji. La binti yake lipo upande wa mjini, katika makaburi ya Lake View, karibu na kaburi la Yesler. Baina yao ni bahari ile ile, na feri huvuka mchana kutwa na watu wake, kama yetu ya Likoni.